Taa ya gesi ya kubeba safarini: chagua kopo kwanza, taa baadaye

Ndugu, usilipie hiyo taa. Umesema umepata taa ndogo ya gesi ya kutoboa kopo, nyepesi na ya bei ya chini, utaibeba kwenye shanta pamoja na jiko lako la hesi, linalofungwa kwenye kopo kwa kuzungushwa kama skrubu, na unauliza kuhusu kioo na baridi. Hayo yasubiri kidogo. Tuanze na kopo.

Kopo la kutoboa halina vali. Unalifungia ndani ya kishikio cha taa, unakaza, sindano inatoboa bati la juu, na tangu hapo kinachozuia gesi ni taa yenyewe na kipete cha mpira. Ukiivua taa kopo likiwa na gesi, gesi inamwagika, na pakiwa na moto karibu inalipuka usoni. Hata taa zenye kizuizi cha ziada hazikusaidii, maana kopo likishatobolewa jiko lako la hesi haliwezi kulitumia tena. Kwa hiyo taa inakaa juu ya kopo mpaka gesi iishe, na ndivyo itakavyosafiri ndani ya shanta, kitasa chake kikisuguliwa na nguo kila hatua. Kikifunguka kidogo tu, gesi inavujia kwenye mzigo wako.

Halafu kuna soksi, kile kitambaa cha wavu kinachong'aa kama kwenye karabai. Ikichomwa mara ya kwanza uzi wote unateketea, yanabaki majivu ya oksidi yaliyoshika umbo lakini hayavumilii mtikisiko. Taa isiyovuliwa kopo haiingii kwenye kasha lake, basi soksi inatoboka njiani. Ukiwasha hivyohivyo, mwali unachomoka kupitia tundu, unapiga kioo mahali pamoja, na kioo kinapasuka. Soksi ikitoboka, zima, acha taa ipoe, badilisha.

Wanaonikera ni wauzaji wanaokwambia "kopo lolote linaingia" huku wakikuonyesha maandishi ya EN 417 kwenye bati. Kiwango hicho kinahusu makopo ya gesi yasiyojazwa tena, yenye vali na yasiyo na vali! Maandishi hayo peke yake hayakwambii kama taa yako itafunga. Tazama kichwa cha kopo: la hesi lina shingo fupi yenye hesi kwa nje, na vali katikati. La kutoboa ni bati tupu. Lipo pia la kubana, lina vali ila halina hesi. Adapta zipo, lakini kila adapta ni kiungo kingine kinachoweza kuvuja.

Kwa hiyo chukua kopo la hesi lenye vali inayojifunga, kisha tafuta taa inayolikubali. Ukimaliza kupika na jiko likipoa, unalifungua na kufunga taa kwenye kopo lilelile. Asubuhi taa inarudi kwenye kasha. Na kwa kuwa kopo la gesi haliruhusiwi kwenye ndege ya abiria, iwe mkononi au kwenye mzigo wa chini, ulizia aina inayouzwa unakokwenda kabla hujanunua taa yoyote.

Kioo? Badala yake chukua taa yenye wavu wa chuma. Baridi: gesi za kwenye makopo hazifanani; butani ya kawaida inaacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0, isobutani karibu na 12 chini ya sifuri, propani 42 chini ya sifuri. Penye baridi nunua mchanganyiko wa isobutani na propani.

Soksi mpya ifunge na kuitandaza bila mikunjo, gesi ikiwa imefungwa. Iwashe upande wake wa chini, ukiwa nje, iungue yenyewe hadi iwe nyeupe yote, ndipo ufungue gesi polepole. Usiiguse tena. Beba mbili za akiba ambazo hazijachomwa.

Taa hii ni ya nje. Ndani ya hema inatoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Usijidanganye kwamba zipu iliyoachwa wazi kidogo inatosha.

Unapofunga taa, simamisha kopo wima, kaza kwa mkono tu, kisha paka maji ya sabuni kwenye kiungo. Mapovu yakifura, fungua, kagua kipete cha mpira, na kikiwa na ufa usiwashe.