Kujitolea ukiwa huna nauli

Mdogo wangu, umeuliza kama kijana wa Mbagala aliyeishia kidato cha nne, anayemsaidia mama kuuza vitumbua, anaweza kujitolea kama wenzake wa chuo. Unaweza. Ila wao kuna anayewalisha. Wewe siku usiyopata kibarua, nyumbani kunapungua.

Kwa hiyo anza na hesabu. Siku mbili kwa wiki, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, ni nauli 32 kwa mwezi, bado chakula cha mchana. Uliza kabla ya kukubali: "Nauli mnarudisha?" Wengi huona aibu kuuliza, wanaacha baada ya mwezi, kisha wanaitwa wavivu. Inaniuma sana.

Wasiporudisha, tafuta zahanati au shule ya msingi unayoifikia kwa miguu. Beba barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, na omba makubaliano ya maandishi yenye saa na muda. Biashara ya vitumbua iandike kwenye wasifu: umeshika fedha, umehudumia wateja.

Anayekudai ada ya fomu, achana naye. Zahanati, usiguse sindano bila mafunzo. Ikikuchoma, muone daktari siku hiyohiyo; dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72.