Muulize Fundi: Namba inabadilika, mashine haibadiliki

SWALI: Fundi, nimenunua kompyuta kuukuu ya 486 kwa jamaa aliyekuwa akifunga ofisi yake. Usoni ina namba nyekundu ya mwendo, 33. Nikibonyeza kitufe cha turbo namba inakuwa 08, lakini mchezo wa magari anaoupenda mjukuu wangu bado unakimbia kama wazimu. Gari linagonga ukuta kabla hajagusa kibodi. Kitufe kimekufa?
Mwalimu mstaafu, Nakuru

JIBU: Kitufe ni kizima, Mwalimu. Anayekudanganya ni hiyo namba. Haipimi chochote. Nyuma yake kuna vijampa, vile vifuniko vidogo vya kuunganisha pini mbili, na aliyeiunga mashine ndiye aliyepanga isome 33 na 08. Angependa, ingesoma 99. Swichi hizi huwa na miguu sita, safu mbili za mitatu mitatu. Kwako safu moja imeenda kwenye namba, nayo ya bodi, ule ubao mkuu ndani ya mashine, nadhani inaning'inia tu.

Na jina lenyewe limepoteza wengi: turbo haiongezi kitu. Michezo ya zamani ilipimiwa PC ya IBM ya 1981, megahezi 4.77, kwa hiyo kitufe kikiachiwa bodi hujipunguza mwendo. Nyingine hushusha saa ya prosesa, yaani mapigo yanayoiendesha, nyingine huzima kashe, kumbukumbu ndogo inayoiharakisha.

Zima, chomoa waya ukutani, fungua. Tafuta pini mbili zilizoandikwa TURBO SW au TB SW, si TURBO LED, hiyo ni ya taa. Vaa miwani, Mwalimu. Mimi hapa Kibuye niliwahi kuchomeka swichi ya mteja kwenye pini za RESET zilizo jirani. Kila akibonyeza, skrini nyeusi tii! Nilibadilisha memori, nikabadilisha kadi ya skrini, jua likazama.

Kabla ya kugusa swichi, zifunike hizo pini mbili kwa jampa, kisha washa. Mashine yako hukimbia pini zikiwa wazi, kwa hiyo sasa itakokota. Andika DIR, amri ya kuorodhesha mafaili, uone majina yanavyoshuka polepole. Isipokokota, jaribu Ctrl, Alt na alama ya kutoa iliyo upande wa namba za kibodi. Hapo pia ikigoma, huenda bodi yako haina kazi hiyo.

Ikikubali, zima tena na utoe jampa. Kisoketi cha swichi kina matundu matatu, pini ni mbili: tundu la katikati lazima liingie, moja la pembeni libaki nje hewani. Ikienda kinyume, yaani kitufe kikizama ndipo inakokota, sogeza kisoketi tundu moja upande wa pili.

Ukiwa humo, kagua betri ya pipa karibu na soketi ya kibodi. Ukiona ukungu wa kijani, ing'oe kwanza, sugua kwa mswaki na siki, kisha spiriti. Mchezo wa mjukuu utangoja.