Fundi Anajibu: Kulala kwenye gari Kitulo bila kutetemeka

SWALI: Hiace yangu nimeitoa viti, nimeweka kitanda. Mwezi wa saba tunakwenda Hifadhi ya Kitulo na mke wangu na tutalala humo humo. Nina betri ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa (Ah) 100, sola ya wati 200 na inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Je, hita ya umeme ya wati 1,000 itatufikisha asubuhi? – Msomaji, Iringa

JIBU: Haifiki hata saa sita usiku. Betri hiyo ina wati-saa 1,280 hivi. Hita pamoja na kinacholiwa na inveta vitaimaliza kwa saa moja na dakika chache, na sola yako siku ya jua zuri itarudisha 600 hadi 800 tu.

Achana na kupasha gari, pasheni miili. Tafuta mablanketi mawili ya umeme ya volti 12, wati 45 kila moja, yale ya kulalia. Ya kujifunika ukiyalalia yanajikunja, nyaya zinapata moto kupita kiasi. Kwa saa nane yote mawili yanakula wati-saa 720, na ukiyapunguza mkishapata joto yanakula chini ya hapo. Yaunge moja kwa moja kwenye betri, inveta izime kabisa. Kila blanketi lipate waya wake wa milimita 2.5 za mraba na fyuzi ya ampea 7.5 karibu na chanya ya betri. Tundu la kuwashia sigara usilitegemee: plagi hulegea, ikalegea hupata moto, mwishowe plastiki inayeyuka.

Vioo ndivyo vinavyovujisha joto. Zile foili zenye sponji wanazoweka chini ya bati, zikate zizidi kioo kwa sentimita moja, zitajibana zenyewe. Lakini madirisha mawili yanayotazamana yaacheni wazi upana wa kidole, la sivyo pumzi zenu zitageuka maji kwenye bodi na godoro litaamka limelowa.

Sasa betri yenyewe, na hapa wengi wanaumia. Kitulo iko juu ya mita 2,600 na Julai huanguka sakitu. Lithiamu inatoa umeme kwenye baridi, ila ikichajiwa chini ya nyuzi 0 seli zinaharibika moja kwa moja, hazirudi. Iweke ndani, chini ya kitanda. Kama haina kinga ya kukata chaji kwenye baridi, weka swichi kwenye waya wa sola: zima jioni, washa saa tatu asubuhi gari likishapata joto.

SWALI: Na jiko la mkaa, dirisha likiwa wazi kidogo? – Msomaji, Makete

JIBU: Usithubutu. Mkaa uliokolea hauna moshi, lakini bado unatoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, na dirisha wazi halitoshi. Chemsha maji nje, jaza chupa ya mpira ya lita 2, ifunge kwa taulo, weka miguuni.