Mboni zinaitikia mwanga, halafu?

Wadogo zangu mnaoanza wodi, shikamoo mtanipa baadaye. Jana nimefungua faili la mama wa kiharusi, siku ya nne tangu alazwe. Kwenye macho mmeandika: "mboni sawa, zinaitikia mwanga." Basi. Mama mwenyewe alikuwa anaongea na ukuta wa kulia, na mwanawe kakaa kushoto anamwita. Tochi inakuambia mboni inafanya kazi, haikuambii mgonjwa anaona nini. Sikugomba, kwa sababu miaka kadhaa nami niliandika hivyo hivyo.

1. Ulizeni miwani. Watu wanakimbizwa usiku, miwani inabaki Newala. Na mtoto wa macho hahami kwa kuwa kiharusi kimeingia.

2. Vidole. Kaa mbele yake, ziba jicho moja, akutazame puani, onyesha vidole pembe nne. Kisha tikisa kulia na kushoto kwa mpigo. Anayeviona kimoja kimoja, lakini vikija pamoja anataja cha kulia tu, anapuuza upande wa kushoto: jicho linaona, ubongo hauujali. Msimwandikie "hatoi ushirikiano". Ni dakika mbili. Kulalamikia foleni ya sitiskani, ile picha ya ubongo, mnapata kumi.

3. Mzee wa korosho. Alitoka Tandahimba, msimu umepamba moto. Kiharusi cha ubongo wa kulia, mkono na mguu wa kushoto vizito kidogo tu. Mimi kazi yangu mazoezi ya viungo. Wiki ya pili anatembea na fimbo, nami kichwa kimevimba. Binti yake akaniambia, "Daktari," (wananiita hivyo, sikatai) "baba anaacha nusu ya wali." Nikaandika: hamu ya kula imepungua. Bega la kushoto likagonga fremu ya mlango mara mbili mbele yangu, nikamwambia, "Polepole mzee, mlango haukimbii." Siku ya kuruhusiwa alikuwa amenyoa ndevu za shavu la kulia peke yake. Nikacheka. Naye akacheka. Nikasaini.

Minada ya korosho ilikuwa haijafungwa waliporudi, mzee paja limevunjika. Alikuwa anavuka barabara kwenda dukani. Alitazama kulia, peupe, akaingia. Alipopita katikati bodaboda ikamkuta kutoka kushoto. Ilipiga honi, watu walipiga kelele. "Mwanangu, ile pikipiki ilichomoka wapi?" aliniuliza. Binti akasimulia kwamba nyumbani alimpa kazi nyepesi, kuchambua korosho mkekani, na kila jioni upande wa kulia ulikuwa umekwisha, wa kushoto haujaguswa. Akadhani baba kachoka. Yeye ana haki ya kudhani. Mimi nililipwa kuona. Na mguu ule ningeuacha mbovu, asingefika barabarani. Hilo ndilo halijanitoka rohoni.

Aliyepoteza nusu ya uoni anaweza kulalamika, au utamwona anageuza shingo. Anayepuuza mara nyingi hajui kama kuna nusu imepotea. Msimsubiri alalamike. Mwangalieni anapokula.

4. Anaona viwili? Mzibe jicho moja. Vikigeuka kimoja, macho hayaendi pamoja: kitambaa kwa zamu, na kliniki ya macho. Vikibaki viwili, mara nyingi shida iko kwenye jicho lenyewe.

5. Mazoezi ni kugeuza shingo na kutafuta, kila siku. Utepe mwekundu pembeni mwa ukurasa: asiyeona kushoto asirudi mstari unaofuata mpaka ameupata. Niliwahi kumpa bibi mmoja maelezo hayo kwa gazeti, akanisikiliza kwa adabu, halafu akasema gazeti hasomi, anasoma Msahafu. Nikakwama. Kule mstari unaanza kulia na kuishia kushoto, yaani jicho linatembea kuelekea kizani. Tukauweka utepe ule ule kushoto, ukawa alama ya mwisho wa mstari badala ya mwanzo. Hilo alinifundisha yeye, si chuo.

Vijana wa bodaboda waliopata kiharusi watawauliza lini wanarudi kazini. Msitaje siku kabla uwanja wa kuona, yaani eneo lote analoliona mtu akitazama mbele, haujapimwa, hata wakiwaletea ming'oko, vile viazi vya porini.

Na yule mama wa jana: mwanawe abaki hapo hapo kushoto, ila amshike mkono na kumwita mpaka ageuke. Maji na chakula wekeni kulia kwa sasa. Faili lake nalipitia tena kesho asubuhi.