Alkeni, alkini na mafuta yasiyoshiba

SWALI: Nafundisha kemia hapa Ujiji, Kigoma. Kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni ya mawese kimeniomba niwaeleze kwa Kiswahili kwa nini mawese huganda asubuhi ya baridi ilhali alizeti haigandi. Nimekwama kwenye maneno. Niandike alkeni au alkini? Na haidrokaboni hizo (kampaundi za kaboni na hidrojeni pekee) ni "zisizokolea", "zisizojaa" au "zisizoshiba"?

JIBU: Mwalimu, andika alkeni. Vurugu inatokana na sisi kutohoa (kuswahilisha maneno ya kigeni) kwa njia mbili, mara kwa sikio, mara kwa jicho. Anayefuata matamshi ya Kiingereza hupata alkeini, alkini, alkaini. Anayefuata herufi hupata alkani, alkeni, alkini. Hapo "alkini" ya mmoja ina bondi (kiungo kati ya atomi) maradufu, yaani ni alkeni, ya mwingine ina bondi ya mara tatu! Mimi nafuata herufi, kwa sababu ndivyo tulivyopata methani, na kwa njia hiyo ethani, etheni na ethini hazigongani.

Kuhusu sifa yake, achana na "zisizokolea". Kukolea ni kwa chumvi kwenye mchuzi na kwa miyeyusho. Mwanafunzi atadhani umeongeza maji. "Zisizojaa" si kosa, ila nachagua "zisizoshiba". Atomi mbili za kaboni zilizoshikana kwa bondi maradufu bado zina nafasi ya kupokea hidrojeni au bromini, ndiyo maana maji ya bromini hupoteza rangi yakikutana na alkeni. Atakayekuambia molekuli haili, mkumbushe kwamba tunasema ardhi imeshiba maji. Liandike neno moja: si "zisizo shiba".

Na tafadhali usiseme etheni "ina bondi mbili". Ina moja tu iliyo maradufu kati ya kaboni zake mbili, na nyingine nne za kawaida zinazoshika hidrojeni. Maradufu ni neno letu la siku nyingi, litumie.

Sasa mawese. Waambie wazi kwamba mafuta ya kula si alkeni, wala si haidrokaboni, kwa kuwa yana oksijeni. Kinachofanana ni mikia mirefu ya asidi zake. Mkia usioshiba una bondi maradufu, na katika mafuta ya asili bondi hiyo huupinda, hivyo mikia haipangani vizuri na mafuta hubaki maji. Alizeti kwa sehemu kubwa ni ya namna hiyo. Mawese karibu nusu yake ni mikia iliyoshiba, iliyonyooka, ndiyo maana yanaganda kirahisi. Hapa upatanisho hubadilika: haidrokaboni zisizoshiba, lakini mafuta yasiyoshiba.

Ukitaka kuwaonyesha bromini, tumia alizeti badala ya mawese mabichi. Wekundu wa mawese utawaficha mabadiliko ya rangi. Tena wekundu huo unatokana na karotini, na beta-karotini yenyewe ni haidrokaboni isiyoshiba yenye bondi maradufu 11. Hiyo, kwa ngeli na kwa kemia, unaweza kuiita isiyoshiba bila kusita.