Acha kupiga mnazi, chonga makiwara (jibu kwa kijana wa Makorora)

Mdogo wangu, kabla ya yote: kesho asubuhi huo mnazi usiuguse. Chonga makiwara, ile nguzo ya mbao inayopinda ya kuzoezea ngumi.

Umeuliza kama karate ya asili inajenga akili kweli au ni mbwembwe tu, kama itakufaa mtaani, uchague mtindo wa Shotokan au Goju-ryu, na gi, lile vazi la mazoezi, inauzwaje. Halafu katikati umepenyeza jambo kana kwamba ni dogo: una miaka 16, na anayekufundisha amekuagiza upige ngumi 300 kwenye mnazi wa uani kila siku "mpaka mkono ufe ganzi". Mimi nakomea hapo hapo.

Kitu kisichopinda hakipigwi ngumi. Mnazi, nguzo, ukuta wa tofali, vyote kundi moja. Shina la mnazi kwenye usawa wa kifua halisogei, kwa hiyo nguvu yote uliyoituma inakurudia, na inatua kwenye gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa pale vidole vinapoanzia. Ni kweli mfupa ukipewa mzigo kidogo kidogo na muda wa kupumzika huwa imara zaidi. Hao wanaowadanganya wameushika ukweli huo nusu. Gegedu halina mishipa ya damu, likichakaa halirudi lilivyokuwa. Nje unaota sugu na watu wanakuogopa, ndani kiungo kinalika. Na hiyo ganzi mnayosifiana ni neva zinazopondwa. Kwa umri wako, mifupa ya mkono huenda bado haijamaliza kukua, na ncha zake zinazokua ndizo unazozitwanga.

Kibaya zaidi, ngumi ikikosea pembe kidogo tu, mzigo unaangukia upande wa kidole kidogo. Mfupa wa kiganja unaoelekea kidole hicho ni mwembamba, unavunjika karibu na shingo yake. Utajua hivi: funga ngumi, ukiona nundu ya kidole kidogo imezama, au kidole kimelalia mwenzake, umevunjika. Hapo usiende kwa mkandaji, na usikande kwa maji ya moto. Weka kitu cha baridi, funga mkono usitikisike, nenda hospitali ya Bombo ukapige eksirei siku hiyo hiyo. Mfupa ukiunga umepinda, ngumi yako haitafunga sawa tena.

Hasira yangu haiko kwako, iko kwa hao walimu waliojifunzia kwenye vipande vya video. Wameona mzee wa Okinawa, kisiwa cha Japani karate ilikotoka, mwenye mikono kama gogo, wakadhani alianzia kwenye ukuta. Hawajui kwamba Okinawa kifaa cha kazi hiyo ni makiwara, na makiwara kazi yake ni kupinda. Anko Itosu, aliyeingiza karate kwenye shule za Okinawa mwanzoni mwa karne iliyopita, aliandika mwaka 1908 mafunzo yake kumi. Humo anataja makiwara kwa jina, anataka mabega yashushwe, miguu ishike ardhi, na kila mkono upige mara 100 hadi 200. Katika mafunzo hayo hayo anasema karate haiivi haraka, ni kazi ya miaka. Sasa mtu anamchukua mwanafunzi aliyeanza wiki mbili tu zilizopita, anampa ngumi 300, tena kwenye mti. Huo ni uzembe, na anayelipa ni kijana wa watu.

Tanga hatuna sababu ya kukosa makiwara. Tafuta mbao ya inchi nne kwa nne, urefu futi saba, isiyo na vifundo, nyuzi zake zimenyooka kutoka chini hadi juu. Mtiki unafaa, na mchwa hauupendi. Boriti ya mkoko achana nayo, ni ngumu mno kupinda. Mwambie seremala aache unene wote kwenye futi tatu za chini, kisha kuanzia usawa wa ardhi airande kwa nyuma tu, ipungue taratibu mpaka juu kabisa ibaki sentimita mbili. Upande wa kupiga ubaki bapa.

Zile futi tatu zinakwenda chini ya ardhi. Zipake oili chafu. Pigilia vipande viwili vya mbao kwa kukingama, kimoja nyuma karibu na uso wa ardhi, kingine mbele karibu na kitako cha shimo, halafu shindilia mawe na kokoto. Ukiwa kwenye mchanga wa pwani ongeza kina, la sivyo nguzo italegea yenyewe badala ya kupinda. Juu, kwenye usawa wa chembe cha moyo chako ukiwa umesimama zenkutsu-dachi (mguu wa mbele umekunjwa goti, wa nyuma umenyooka), viringisha kamba ya katani kwa kubana, mzunguko kando ya mzunguko, urefu wa shibiri moja, na chini yake utangulize kipande cha raba. Okinawa wanatumia kamba ya mabua ya mpunga, sisi tuna mkonge.

Jaribu kabla ya kupiga: sukuma ncha ya juu ya nguzo kwa kiganja, uzito wa nusu mwili. Irudi nyuma vidole viwili hadi vitatu, kisha ikurudishe. Isiposogea, mrudishie seremala airande tena.

Wiki mbili za mwanzo usipige. Weka ngumi kwenye kamba, nundu mbili tu ziguse, ya kidole cha shahada na ya kidole cha kati, kisha sukuma, mara 20 kila mkono. Mgongo wa mkono na kigasha viwe mstari mmoja, kiwiko kitazame chini. Baadaye piga kwa robo ya nguvu, mara 20 hadi 30, siku moja ndiyo na ya pili hapana. Ikishatua, ngumi usiinyakue, iache ibane kidogo ili usikie nguzo inavyokusukuma. Kisigino cha nyuma kikinyanyuka, au bega likipanda sikioni, utasukumwa wewe. Ngozi ikichubuka, pumzika mpaka ipone, na kila mtu awe na kitambaa chake cha kufunika kamba, kwa sababu homa ya ini aina ya B inapita kwenye damu. Maumivu ya ngozi yanavumilika. Ya ndani ya kiungo, au vidole kushindwa kufunga asubuhi, unaacha.

Na hapa ndipo swali lako la akili linapojibiwa. Nguzo hiyo haikusifii. Ukipiga na akili iko kwenye mpira wa Coastal Union, mkono unakwambia hapo hapo. Kurudia ngumi ile ile miezi, ukisahihisha kisigino, kiuno, kiwiko, ndiko kunakotengeneza mtu asiyepaparika. Mtaani pia: fuvu ni gumu kuliko kiganja chako, kwa hiyo kichwani hata mwenye makiwara ya miaka anatumia kitako cha kiganja, ngumi anaipeleka mbavuni na tumboni. Na kukimbia ukiwa na nafasi ni bora kuliko vyote viwili.

Shotokan au Goju, bei ya gi, wenzangu humu watakujibu. Wewe ukishapata mbao, itupie picha hapa ikiwa imelazwa ubavu, tuuone wembamba wake kabla hujaifukia.