Re: Mchanga wa Nyali unaweza kutoa kioo?

Ndugu yangu, umeuliza kama ule mchanga wa pwani ya Nyali, hapa Mombasa, ukiyeyushwa, utatoka kioo. Peke yake, sidhani. Kinachotakiwa ni silika, yale madini magumu ya mchanga wa kawaida, na mchanga wetu una matumbawe na makombe mengi yaliyosagika, yaani chokaa. Jaribu mwenyewe: chota kiganja, umwagie siki. Mimi nilifanya hivyo kwenye kisahani cha kahawa, ukafoka mapovu kama soda iliyotikiswa. Silika safi haifoki hata kidogo.

Kioo cha kawaida, cha dirisha au chupa, ni silika kama asilimia 70 hivi, kisha magadi na chokaa. Magadi ndiyo yenye kazi kubwa. Silika pekee huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,700 hivi, tanuri gani itastahimili hayo kwa bei nafuu? Ukitia magadi, joto linalohitajika hushuka sana. Na sisi tunayo: yanachimbwa Ziwa Magadi, yanashuka kwa reli hadi bandarini hapa. (Ni ya ukoo mmoja na yale ya kulainishia maharagwe.) Lakini silika na magadi bila chokaa hutoa kioo kinachoyeyuka majini! Bilauri ya hivyo utainywea nini?

Vigae vya chupa kuukuu pia hutiwa, huyeyuka upesi na kuokoa kuni, au siku hizi gesi.

Ule ukijani ukitazama kioo cha dirisha kwa ubavuni? Ni chuma kidogo kilichokuwamo mchangani.